Somo: Adabu ya Mgeni Kazini



Katika somo hili tunataka kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulisahau tunapofunga mzigo kwenda kufanya kazi nchi jirani. Tunakumbuka kitambulisho, tunakumbuka nauli, tunaandika jina la ndugu atakayetupokea stendi. Lakini ni wachache wanaojiuliza: Huko ninakokwenda watu husalimianaje? Mkubwa huitwaje? Ni neno gani halisemwi mbele za watu?

Mambo haya huonekana madogo, ya kufundishwa watoto. Sisi tunaona ni mambo makubwa, na tungependa kueleza kwa nini chama cha wafanyakazi kinatenga ukurasa kwa ajili yake. Somo linawahusu wale wanaovuka mpaka, na linawahusu vilevile wenyeji wanaowapokea. Tuanze na kisa.

KISA CHA SPANA YA KUMI NA SABA

Kisa hiki tulisimuliwa katika semina ya matawi, na waliosimulia walikuwemo. Kilitokea katika kiwanda kimoja cha nguo nchini Tanzania. Hatutakitaja jina.

Aliajiriwa pale fundi mitambo kijana kutoka Kenya, hodari wa kazi. Siku yake ya kwanza alifika kwenye dirisha la stoo na kumkuta mzee mtunza stoo, mtu wa miaka zaidi ya 20 kazini. Mashine ilikuwa imesimama na fundi alikuwa na haraka. Akasema: "Wewe, leta spana ya kumi na saba." Huko alikotoka, hayo ni maneno ya kazi tu, hakuna ambaye angegeuka kumtazama. Mzee hakujibu. Akaenda ndani taratibu, akakaa, na spana ikaja baada ya muda mrefu. Fundi akasema moyoni: watu hawa ni wavivu. Mzee naye akasema moyoni: kijana huyu hakulelewa. Kabla ya kengele ya jioni idara nzima ilikuwa na habari hiyo.

Toka siku ile fundi alikunywa chai peke yake. Hakuna aliyemtukana, hakuna aliyemwibia. Waliacha tu kumwambia mambo.

Wiki ya sita menejimenti ilitangaza kwamba saa za ziada za usiku zitalipwa kama saa za kawaida. Tawi likakutana. Wakakubaliana kwamba hakuna atakayebaki baada ya zamu mpaka viongozi wakae na mwajiri. Habari ikapita mdomo kwa mdomo, mashine kwa mashine, ikawafikia wote isipokuwa mmoja. Usiku ule meneja alimwomba fundi abaki. Akabaki, akaendesha mashine kwa msaada wa vibarua wawili wapya. Asubuhi meneja aliwauliza viongozi: "Mnataka tuzungumze nini, na kazi imefanyika?" Mazungumzo yakaishia mlangoni, na fundi akaitwa kibaraka.

Katibu wa tawi, mama mwenye busara, alimwita mbele ya wajumbe.

"Mwanangu, kwa nini ulitusaliti?"

"Mama, sikuambiwa."

Katibu akawageukia wajumbe. "Kwa nini hakuambiwa?" Wakanyamaza. Mwishowe mzee wa stoo akasema: "Tungemwambiaje mtu ambaye hata hatusalimii?"

Ndugu wasomaji, neno hilo la mzee ndilo somo letu lote. Aliyefaidika kwa ugomvi wa spana ni mwajiri. Fundi hakuwa mtu mbaya, na mzee hakuwa mtu mbaya. Lakini pengo lililofunguka kati yao lilitosha kupitisha punguzo la malipo.

Mwisho wa kisa ni huu. Mkenya mwingine wa pale pale, mtu mzima aliyekwisha kukaa Tanzania miaka mingi, alimchukua kijana mpaka stoo. Kijana akasema: "Shikamoo mzee. Nimekuja kukuomba radhi. Kwetu maneno yale si matusi, lakini nimeelezwa yalivyokuumiza." Mzee akajibu: "Marahaba, mwanangu. Na sisi tulikosa. Tulikuacha gizani." Mwezi uliofuata barua ya tawi ilipelekwa tena, na sahihi ya fundi ilikuwamo. Kiwango cha saa za ziada kikarudishwa. Fedha za mwezi uliopita hazikulipwa mpaka leo.

KWA NINI JAMBO HILI NI KAZI YA CHAMA

Wapo watakaosema kwamba adabu ni kazi ya wazazi, na chama kishughulikie mishahara. Tuangalie historia yetu.

Mfanyakazi mgeni ndiye wa kwanza kulaumiwa siku mambo yanapokuwa magumu. Mwaka 1970 serikali ya Uganda iliamuru wafanyakazi wa Kenya wasio na ujuzi maalum waondoke nchini, na maelfu kwa maelfu walirudi kwao na mizigo yao. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule ilipovunjika, watumishi wa reli, wa bandari, wa posta na wa ndege walijikuta wageni mahali walipokuwa wamefanya kazi miaka mingi. Mali za Jumuiya ziligawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984, lakini madai ya mafao ya watumishi yaliendelea kwa miaka mingi baada ya hapo. Mambo kama hayo huamuliwa juu, mbali na karakana. Lakini huku chini mtu mwenye marafiki kazini hupata wa kumtetea na wa kumwandikia barua. Asiye na rafiki huondoka peke yake.

Upo pia mfano wa upande mwingine. Makhan Singh alizaliwa India mwaka 1913, akafika Kenya mwaka 1927 akiwa kijana. Chama alichokiongoza kuanzia mwaka 1935 kilifungua mlango kwa wafanyakazi wa kila rangi, wakati serikali ya kikoloni ilitaka kila rangi ikae peke yake, na matangazo yake yalitolewa kwa lugha za wafanyakazi wenyewe, Kiswahili kikiwamo. Mwaka 1937 chama hicho kiliongoza mgomo wa siku 62 mjini Nairobi, na mishahara ikapanda. Wakoloni walimkamata mwaka 1950, wakamweka kizuizini mpaka mwaka 1961. Mgeni huyu hakungoja wenyeji wajifunze lugha yake. Alizifuata lugha zao.

Sasa tuingie katika somo lenyewe. Tumeligawa katika mafungu matano.

1. SALAMU KWANZA, KAZI BAADAYE

Karibu kila nchi ya jirani ina salamu yake ya kazini, na kila salamu ina heshima ndani yake.

Tanzania, mtu mzima huamkiwa "shikamoo" naye hujibu "marahaba". Hata kama una swali la haraka, ukianza na swali kabla ya salamu umekwisha kosa. Baada ya salamu huulizwa habari za kazi na za nyumbani, na anayepitia watu wakiwa kazini huwaambia "poleni na kazi". Kitu huombwa kwa neno "naomba": naomba spana, naomba nafasi nipite. Kumwita mtu "wewe" ni kumtusi. Mwite kaka, dada, mama, mzee, au mwite fundi kama ndiyo kazi yake.

Kenya, hasa mijini na viwandani, lugha ni ya mkato. Mtu akikuambia "nipe" au "leta" hana nia ya kukudharau. Mtanzania anayekwenda kule asikasirike, na asije akadhani kwamba watu hawana heshima. Wanayo, ila wameiweka mahali pengine: katika kuwahi kazini, katika kusema jambo wazi bila kuzunguka. Anayezunguka sana kabla ya kutaja shida yake huonekana anaficha kitu. Na ukifika katika mashamba ya chai ya Kericho, jifunze kusema "chamgei". Ni neno moja tu la Kikalenjin, lakini litakufungulia nyumba nyingi.

Uganda, sehemu za Buganda, watu huulizana asubuhi "wasuze otya", yaani umelalaje, na mwanamume huitwa "ssebo", mwanamke "nnyabo". Anayemkuta mwenzake akifanya kazi humwambia "gyebale ko", maana yake ni kumshukuru kwa kazi anayoifanya. Sisi wafanyakazi tunapaswa kuipenda salamu hiyo kuliko zote. Katika mashamba ya chai ya upande wa Fort Portal, Watooro huitana kwa jina la heshima linaloitwa "empaako", kama Amooti, Akiiki au Abwooli. Mgeni akiulizwa empaako yake asicheke. Akisema hana, huenda wenyeji wakampa, na akipewa amekwisha kuwa mtu wa pale.

Rwanda husalimiana "mwaramutse" asubuhi na "mwiriwe" kuanzia mchana, na Burundi utasikia pia "amahoro", yaani amani. Unapompa mkono mtu wa kuheshimiwa, shika mkono wako wa kulia kwa mkono wa kushoto. Kutembea barabarani huku unakula huonekana utovu wa adabu. Subiri ufike mahali pa kukaa.

Kongo, mtu akifika kazini asubuhi huwapa mkono wenzake mmoja mmoja. Ukimruka mmoja atajiuliza amekukosea nini. Kule "jambo" ni salamu ya kweli ya watu wenyewe, wala si ya watalii.

Hatukusudii msomaji akariri yote haya. Tunakusudia ajue swali la kuuliza siku ya kwanza. Mtafute mtu mzima mmoja, umwambie: "Mimi ni mgeni. Naomba unifundishe mnavyosalimiana hapa." Hatujapata kusikia mtu aliyejibiwa vibaya kwa ombi hilo.

2. KISWAHILI NI KIMOJA, VINYWA NI VINGI

Wengi wetu tunategemea Kiswahili, na ni silaha kubwa. Lakini Kiswahili hakikufika kila mahali kwa njia moja.

Lubumbashi kilikua katika kambi za machimbo ya shaba, ambako kampuni ya wakati wa Wabelgiji ilileta watu kutoka sehemu mbalimbali, na katika miaka ya 1920 hata kutoka Rwanda na Burundi. Ndiyo maana utasikia "batoto" mahali ambapo wewe ungesema watoto, na maneno ya Kifaransa katikati. Anayecheka Kiswahili cha mwenzake, au kumsahihisha mbele za watu, amemwambia kwamba yeye ni mtu wa chini.

Uganda kuna jambo jingine. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi na polisi, na mwaka 1973, wakati wa utawala wa Idi Amin, kilitangazwa kuwa lugha ya taifa. Wako wazee waliokisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki akiwaamuru walale chini. Siku hizi mambo yanabadilika na Kiswahili kinafundishwa. Lakini ukitoka Kenya au Tanzania ukamwendea mama mzee wa Kiganda kwa Kiswahili cha sauti kubwa, usishangae akikunyamazia. Anza na salamu ya kwao, ndipo uombe kuendelea kwa Kiswahili.

Angalia pia saa. Kwa Kiswahili zamu ya asubuhi huanza saa moja. Kwenye ubao wa kiwanda, kwa Kiingereza au Kifaransa, saa hiyo hiyo huandikwa 7. Mgeni aliyesoma 7 akaja saa saba ya mchana atakatwa siku nzima. Ukiwa na shaka, uliza: "Asubuhi, jua likichomoza?" Kuuliza si aibu.

3. MAMBO YANAYOTONESHA KIDONDA

Kila nyumba ina jambo lake lisilotajwa ovyo. Rwanda, mgeni asiulize mtu kabila lake. Baada ya mauaji ya kimbari ya mwaka 1994 kabila liliondolewa katika vitambulisho, na sheria ni kali juu ya maneno ya kugawa watu. Maombolezo huanza kila tarehe 7 Aprili, na juma hilo si la muziki wa sauti kubwa wala sherehe. Jumamosi ya mwisho ya mwezi ni siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya kufagia, kuchimba mifereji na kupanda miti. Mgeni anayeishi pale atoke na jembe pamoja na majirani. Asijifungie ndani kama mtalii. Na mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tangu mwaka 2008, kwa hiyo usifunge nayo mzigo.

Burundi pia vita vimeacha majeraha. Acha watu wakuambie wenyewe, kwa wakati wao.

Zanzibar na pwani, mwezi wa Ramadhani mtu asiyefunga hali wala hanywi mbele za wanaofunga mchana. Mavazi ya heshima hutazamwa mwaka mzima.

Ndugu madereva na wa mashine za kunyanyulia mizigo, kumbukeni kwamba Kenya, Uganda na Tanzania tunapita kushoto, lakini Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Hapo kosa la mgeni huua.

4. HESHIMA SI UTUMWA

Hapa tunaomba msomaji akae vizuri, maana ndipo wengi wanapopotea. Wahenga walisema heshima si utumwa. Walisema pia kwamba ukifika kwa wenye chongo, nawe fumba lako jicho. Tunakubali kufumba jicho, lakini hawakutuambia tufunge na mdomo.

Wako waajiri na wanyapara wanaomwambia mgeni kwamba "desturi ya hapa" ni hivi na hivi, wakijua hana wa kumuuliza. Tutaje machache.

Kuombwa "chai" ili uandikwe kazi si desturi ya nchi yoyote. Ni rushwa. Nyapara anayemtaka mama au dada aende nyumbani kwake ndipo ampe shamba jepesi hafuati mila. Anafanya ukatili, na dada huyo asinyamaze kwa kuogopa kuonekana hana adabu. Amweleze mjumbe wa tawi, na mjumbe mwanamke kama yupo. Na mwajiri anayekaa na pasi yako ya kusafiria "kwa usalama" anakufunga kamba. Mwonyeshe, anakili anachotaka, kisha urudishiwe.

Kukataa kuna adabu yake. Ukipewa karatasi ya kutia sahihi katika lugha usiyoisoma, usiipige chini mezani. Simama wima, ongea taratibu: "Bwana meneja, nashukuru kwa kazi. Naomba niondoke na karatasi hii nisomewe, kesho asubuhi nitairudisha." Mwajiri mwenye nia njema hatakasirika. Akikasirika, umekwisha kujua jambo la maana juu yake kabla ya kutia sahihi.

Tuchukue mfano wa mizani katika shamba la chai. Umechuma tangu alfajiri, karani anasoma kilo pungufu. Mgeni hufanya moja kati ya makosa mawili: hunyamaza akalia usiku, au hupiga kelele akaitwa mkorofi. Njia ya tatu ni hii. Kabla kapu halijamwagwa, weka mkono wako juu yake useme: "Karani, naomba tupime mara ya pili." Kama jibu ni hapana, mwite aliye nyuma yako atazame, kisha mwite mjumbe. Andika kilo zako kila siku katika daftari lako mwenyewe, na tarehe. Majani yakikwisha kumwagwa ushahidi umekwenda. Daftari hubaki.

Na msomaji ajue haki zake, ili upole wake uwe na uti wa mgongo. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Kifungu chake cha 10 kinasema mfanyakazi kutoka nchi mwanachama ana uhuru wa kujiunga na chama na kujadiliana kwa pamoja na mwajiri, kwa mujibu wa sheria za nchi aliyomo, na kinataja pia haki ya hifadhi ya jamii. Lakini tusidanganyane. Kila nchi iliandika orodha ya kazi ilizozifungua, na orodha hizo zinawataja zaidi wenye vyeti kuliko mkata miwa na mchuma chai. Kwa hiyo kabla ya kuondoka nyumbani uliza kuhusu kibali cha kazi yako hasa.

Upo pia Mkataba Na. 143 wa mwaka 1975 wa Shirika la Kazi Duniani, ambao Uganda iliuridhia mwaka 1978 na Kenya mwaka 1979. Mkataba huo unasema kwamba hata mfanyakazi ambaye karatasi zake hazikukamilika ana haki sawa juu ya mshahara wa kazi aliyokwisha kuifanya. Mwajiri anayesema "nitakuitia polisi ukidai" anategemea ujinga wetu. Usiende kubishana naye peke yako. Nenda kwenye chama.

5. WAJIBU WA MWENYEJI

Mpaka hapa tumemsema mgeni sana. Sasa zamu ya mwenyeji.

Methali yetu inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tunampa jembe siku ya kwanza, na hatumwambii hata maji yako wapi. Halafu mwezi wa pili tunalalamika kwamba wageni wanashusha mishahara. Mgeni hukubali malipo madogo kwa sababu hajui malipo halali. Nani angemwambia, kama si sisi? Mwajiri hatamwambia.

Iko adabu moja mbaya inayotufunga wote: ile ya kuficha mshahara. Tumelelewa kwamba kumwuliza mtu anapata kiasi gani ni utovu wa heshima. Njiani au kwenye kilabu, ni kweli. Lakini ndani ya tawi, mlango ukiwa umefungwa, tuambiane. Wawili wanaofanya kazi moja kwa malipo tofauti, bila kujua, ndio mwajiri hupenda kuwaweka zamu moja.

Tunashauri kila tawi lichague mtu mmoja wa kumpokea mfanyakazi mpya kutoka nje. Awe mtu mzima, mpole, asiyependa kucheka lafudhi za watu. Siku ya kwanza amwonyeshe maji, choo, mahali pa kula na mahali pa kupata huduma ya kwanza. Juma la kwanza amfundishe salamu na majina ya wakubwa. Juma la pili amweleze kiwango cha malipo na mkataba wa hiari kati ya chama na mwajiri, kama upo. Mwezi usiishe kabla hajamleta mkutanoni. Kazi hiyo haina gharama. Tawi la kile kiwanda cha nguo lingekuwa na mtu wa namna hiyo, mzee wa stoo asingekasirika zaidi ya siku moja, na habari ya mkutano ingemfikia fundi.

MASWALI YA KUJADILIANA TAWINI

Tunaomba katibu asome somo hili kwa sauti, kisha wanachama wajadiliane:

1. Katika kisa cha spana, nani alikosa kwanza? Nani alikuwa na uwezo wa kurekebisha mapema, na kwa nini hakufanya hivyo?

2. Katika kiwanda au shamba letu wako wafanyakazi wangapi kutoka nje? Tunajua majina yao? Wanajua kiwango cha malipo ya saa za ziada?

3. Ni desturi gani ya hapa kwetu ambayo mgeni hukosea mara kwa mara? Nani atamweleza, na kwa maneno gani?

4. Je, iko "desturi" yoyote hapa kazini ambayo kwa kweli ni uonevu uliovikwa nguo ya heshima?

5. Wanachama wawili wajitokeze. Mmoja awe karani wa mizani, mwingine mchumaji mgeni anayeomba kupimiwa tena. Wengine watazame, waseme palipokosekana adabu na palipokosekana ujasiri.

Tunamaliza kwa ombi dogo. Kesho asubuhi, kabla ya kengele, mtazame mwenzako ambaye hunywa chai peke yake. Msogelee, umsalimu kwa salamu ya kwao kama unaijua, au ya kwako kama huijui, umwambie mkutano ujao ni lini.

Umoja wetu ndio nguvu yetu.